Michée Aliyepiga Picha Bila Filimu

Kidole gumba cha shemeji yangu Michée hakikujua kwamba filimu imekwisha. Kila alipopiga picha kwa ile kamera mpya ya dijitali, kidole kilikwenda ubavuni kutafuta kishikio cha kuzungushia filimu, kikakosa, kikazungusha hewa. Nilimcheka mpaka nikachoka kumcheka. Na akifika picha ya kumi na mbili alisimama, akawaambia maharusi wapumzike, wakati kadi iliyo ndani ya mashine ilikuwa na nafasi ya mamia ya picha. Alikuwa ametumia miaka thelathini roli zenye picha kumi na mbili tu, na mwili wake ulikataa kusikia habari nyingine.

Naitwa Léontine. Niliolewa na Yves, mdogo wake. Ninaandika habari za Michée kwa sababu watu wa Bunia, mji wetu huku Kongo, wanazo habari zao, na zao ni za uongo. Wanasema alikuwa mpiga picha wa wauaji, kwamba alikula nao na kuwachekea. Hawajui kitu. Mimi ninajua, na kwa kuwa ninajua, siwezi kujitoa ndani ya habari hii nikabaki msafi.

Michée alizaliwa upande wa Nizi, kwenye dhahabu ambayo hakuipenda. Padri mmoja wa parokia alikuwa na kamera ya zamani, ile ya kuangalia kutoka juu, unainamisha kichwa kama mtu anayesali, na ndiyo iliyomchukua akili. Alikuja Bunia mwaka 1989 akafungua studio ya chumba kimoja karibu na soko kuu, pazia la bluu na benchi moja. Wapiga picha wenzake walitumia filimu nyembamba, rahisi kupatikana. Yeye aling'ang'ania filimu pana, ya kutoka Kampala kwa kupitia Mahagi, ghali na adimu. Ukimuuliza alikuwa na jibu moja tu: "Sura ya mutu ni kubwa. Haiwezi kuingia mu kadirisha kadogo."

Alikuwa mpole kwa watoto na mkorofi kwa wakubwa. Alipiga ubatizo, ndoa, picha za kitambulisho, na maiti ndani ya sanduku kabla ya kufungwa, familia ikiwa imesimama nyuma. Bwana harusi akijitanua mno, Michée alimkemea mbele ya wakwe: "Weye, funga mudomo, hauko ku mupira." Kisha, kabla ya kubonyeza, alisema neno lake lile lile kwa kila mtu, hata kwa wafiwa: "Munichekee kidogo." Nyuma ya kila picha aligonga muhuri wa mpira wenye jina la studio na maneno aliyoyatunga mwenyewe: Tabasamu yako, furaha yetu.

Mwaka 2003 vita iliingia mjini. Waliokuja na bunduki, wa kila upande, walipenda sana kupigwa picha. Walikuja studio na mikanda ya risasi shingoni, wakasimama mbele ya pazia la bluu, na hakuna aliyelipa. Filimu ilikuwa haiingii tena kutoka Uganda. Basi wapiga picha wa mji wakabuni njia yao: unasimamisha watu, unawapanga, unawasha flashi, kamera haina kitu ndani. Unawaambia warudi siku ya posho, yaani Jumamosi. Mara nyingi ikifika Jumamosi kundi lile limefukuzwa mjini au limekufa, na wewe umeokoa roli yako. Hayo yote mimi sikuyajua wakati ule. Nilikuwa na mtoto mchanga, na mambo ya kamera yalikuwa ya wanaume wawili wa nyumba ile.

Jumamosi moja ya mwezi wa tano kundi moja lilirudi. Michée alikuwa ametoka kutafuta unga. Yves alikuwa kwenye kaunta, mimi nilikuwa nyuma ya pazia la chumba cha giza nikinyonyesha. Nilisikia sauti za wanaume wakidai picha zao. Nilimsikia Yves akifungua madroo, moja baada ya jingine, akisema bahasha haipo, labda kaka ameiweka mahali. Mmoja akasema: "Muliuzisha sura zetu kwa baadui." Yves akaanza kuapa. Hakumaliza. Panga lilimpata shingoni kwanza, halafu mikononi, maana alikuwa ameinua mikono. Nilisikia mifupa. Nilimbana mtoto mdomo kwa kiganja mpaka akaanza kulegea, nikampa hewa kidogo, nikambana tena. Walikaa ndani muda mrefu wakivunja vioo. Walipotoka, damu ya mume wangu ilikuwa imepita chini ya pazia ikafika kwenye miguu yangu.

Nilisikia sauti zao zote na sikuona hata uso mmoja. Hicho ndicho kilichonila miaka yote iliyofuata. Nilipanga foleni za maji, nilisimama misani, nilinunua mkaa, na kila mwanaume wa umri fulani nilimtazama nikajiuliza, je, ni huyu? Nikamuuliza Michée: ile roli uliyowapiga iko wapi? Akasema filimu iliungua kwenye dawa. Niliamini. Lakini nilijua kwamba hata filimu iliyoungua huacha kitu, kivuli cha pua, mstari wa kofia. Nikawa ninangoja siku atakayoniruhusu kuitazama.

Nilibaki studio. Nilikata picha, nilikausha, nilijifunza kompyuta ilipokuja. Michée alimlea binti yangu Prudence kama wake na hakuoa. Watu walisema maneno, tukayaacha yaseme.

Filimu pana ikaendelea kupungua, mwaka mmoja roli ishirini, mwaka mwingine tano. Mwaka 2019 mfanyabiashara wa Kampala akamwambia asimpigie tena simu kwa ajili hiyo. Michée akauza kiwanja chake cha Mudzipela akanunua kamera ya dijitali iliyokwisha kutumiwa na mwingine, nzito kama tofali. Vijana wapiga picha wa harusi walimcheka, kwa sababu kwa thamani ile wangenunua zao tatu. Lakini ile yake, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga kilikuwa kikubwa kuliko cha kamera zao, na picha yake ungeikuza mpaka ikazidi mlango na bado ungehesabu nyuzi za shati. Mara ya kwanza tulipofungua picha kwenye kompyuta, uso wa mama mmoja muuza samaki, Michée alisogea mpaka ndevu zikagusa kioo. Akasema: "Léontine, angalia. Anaonekana mutu muzima." Machozi yalimtoka. Na mimi nilifurahi, sitasema uongo.

Alijifunza kwa taabu. Siku moja alipiga ubatizo mzima bila kadi. Mashine ile ilikubali kupiga, na baada ya kila picha ilimwonyesha sura kwenye kioo cha nyuma kwa muda mfupi, kwa hiyo yeye akajua mambo ni mazuri. Tulirudi nyumbani bila hata picha moja, na baba wa mtoto karibu atupige. Tangu hapo mimi ndiye niliyeshika kadi. Mimi pia ndiye niliyeweka programu ya kompyuta iandike maneno ya muhuri wetu chini ya kila picha, pembeni kulia, yenyewe, bila mtu kuiambia. Nilijivunia sana kazi hiyo.

Kisha tukaanza kazi ya negatifu. Zilikuwa zinaota ukungu kwenye masanduku, miaka thelathini ya sura za watu, wengi wao wakiwa wameuawa au wamekimbia na kuacha kila kitu. Tuliweka kila negatifu juu ya kioo chenye taa, kamera mpya ikainikwa juu yake, ikainakili. Michée alikuwa na madaftari, kila roli na tarehe yake. Tulipofika mwaka 2003 nikamwambia: leo nataka ile ya mwezi wa tano, hata kama iliungua.

Alizima taa ya kioo. Akasema: "Haikukuwa filimu."

"Unasema nini?"

"Niliwapiga bila filimu, Léontine. Siye bote tulikuwa tunafanya vile. Nilifikiri hawatarudi."

Mkono wangu ulikuwa karibu na mguu wa chuma wa kamera. Nilimpiga nao mdomoni. Jino likatoka, nikampiga tena begani, akaanguka kwenye masanduku na sikuacha, mpaka Prudence aliyekuwa amekuja na chakula akanishika kiunoni. Michée hakujikinga hata mara moja. Alibaki chini na damu kidevuni, akarudia: "Nilifikiri hawatarudi." Niliondoka. Baada ya siku tisa nilirudi kazini, kwa sababu hakuna aliyekuwa akijua ile kompyuta zaidi yangu, na kwa sababu sikuwa na pengine pa kwenda. Hatukuzungumza tena habari hiyo. Nilimchukia na nilimpikia, yote mawili kwa siku moja.

Mwaka 2021 kanisa moja la Mongbwalu lilituita kupiga sikukuu yake ya miaka hamsini. Barabara haikuwa nzuri na habari za njiani zilikuwa mbaya zaidi, lakini tulikwenda. Tulirudi na pikipiki ya Moïse, jirani yetu, kijana mwenye maneno mengi ambaye mkewe alikuwa na mimba. Moïse mbele, Michée katikati amekumbatia begi la kamera, mimi nyuma. Kabla ya kufika Nizi, kwenye kona yenye mahindi marefu, walitoka watu kumi na mmoja.

Walitushusha. Wakamwambia Moïse alipie njia. Moïse akasema amekwisha kulipa kwenye kizuizi cha nyuma, akaonyesha kikaratasi. Aliyekuwa mkubwa wao, mwanaume mwenye koti la mvua la kijani na kovu juu ya jicho, alikichukua kikaratasi, akakisoma, akakikunja vizuri, akakitia mfukoni. Akasema: "Hii ni ya bale. Siye hautujue?" Moïse akafanya kosa la kucheka kidogo, ule uchekaji wake wa kuomba. Wawili walimkata miguu kwa nyuma, akaanguka magotini, wa tatu akamaliza kazi. Ilichukua muda mfupi kuliko ninavyoisimulia. Walimvuta kwa mkono mpaka kwenye majani, na sandali yake moja ikabaki barabarani.

Mimi nilikuwa nimekojoa bila kujua. Yule mkubwa akamgeukia Michée.

"Muzee, iko nini mu ile sac?"

"Kamera, chef."

Walifurahi kama watoto. Walitaka kupigwa wote kumi na mmoja pamoja. Michée alifungua begi polepole, na nikaona kile kidole gumba chake kikienda kwenye kimlango cha kadi, kikaibonyeza kadi ikatoka, ikaingia ndani ya mkono wa shati lake. Hakuna aliyeona ila mimi. Nilielewa papo hapo. Mbele yetu kulikuwa na vizuizi vingine, vya watu wengine, na mtu akikutwa na picha ya maadui zao hatafika nyumbani. Atawapiga bila kitu, kioo kitawaonyesha sura zao, watafurahi, tutakwenda. Ilikuwa akili nzuri. Ilikuwa akili ile ile.

Damu ilinichemka kiasi kwamba hofu yote iliniondoka. Nilizitazama zile nyuso, moja moja, mchana kweupe, damu ya Moïse bado imelowa kwenye mapanga, na nikaona kwamba zitapotea tena. Nikasema kwa sauti:

"Shemeki, haujatia kadi."

Michée alinitazama. Sijawahi kutazamwa hivyo na mtu.

"Kadi ni nini?" akauliza mwenye koti.

"Kadi njo kitu inabeba picha, chef," nikasema. "Bila ile inakuonyesha sura mu kioo tu, kiisha inapotea."

Yule mtu akampiga Michée mbavuni kwa kitako cha bunduki, mara mbili. "Ulitaka kutuchezea, muzee?" Michée akasema kwamba ni uzee, anasahau, akaitoa kadi akairudisha mahali pake. Akawapanga, warefu nyuma, wafupi mbele, kama alivyopanga watu maisha yake yote. Na mazoea ni kitu kibaya, kwa maana alipoinama kwenye kamera, kabla ya kubonyeza, yalimtoka mdomoni yale maneno: "Munichekee kidogo." Wote kumi na mmoja wakacheka.

Alipiga kumi na mbili, kidole kikizungusha hewa. Mkubwa akajiona kwenye kioo, akaridhika. Akasema: "Siku ya posho mutu yetu atakuja ku studio. Akikosa picha, mulango tunajua."

Pikipiki ilibaki kwao; tulitembea kwa miguu mpaka gari la mchanga likatubeba. Kadi niliifunga ndani ya nywele, chini ya kitambaa. Kwenye kizuizi kilichofuata walipekua begi, wakaangalia kamera, hawakukuta kitu. Michée alinisemesha tulipoanza kuona mabati ya Bunia.

"Ungeniacha. Tungefika mikono mitupu."

"Mikono mitupu njo ilimuua Yves," nikamjibu. Aliinamisha kichwa, na sikumhurumia.

Jumamosi alikuja kijana msafi, amevaa shati jeupe. Akachukua bahasha yenye picha, akahesabu, akasema merci, mama, akaenda. Ndiyo hivyo. Kwa bahasha ile ile Yves angekuwa hai. Nilifunga mlango nikalia kwa kelele mpaka majirani wakaja.

Kwenye kilio cha Moïse, mchungaji alisema aliuawa na watu wasiojulikana. Redio ilisema hivyo hivyo. Mama yake Moïse alipokea maneno hayo akiwa ameketi chini, na mke wa Moïse na tumbo lake amelala kwenye mkeka. Mimi nilisimama nikatoka nje. Wasiojulikana! Niliwajua kope zao. Kwenye kompyuta nilikuwa nimekuza ile picha mpaka nikaona kovu la yule mkubwa lilivyoshonwa, jino la dhahabu la mmoja, shanga za mwingine. Na pembeni, kwenye majani, kitu ambacho kamera ndogo isingekionyesha: miguu miwili ya Moïse, mmoja bila sandali.

Kwetu hapa familia ikifiwa hutengeneza turubai kubwa lenye picha ya marehemu, linatundikwa mbele ya nyumba ya kilio. Nikamwambia Michée nataka turubai. Sio la Moïse. La wale kumi na mmoja, mita tatu kwa mbili, litundikwe pale kilioni ambapo kila mtu wa Djugu, upande ule wa barabara ya Mongbwalu, aliyekimbilia Bunia atapita alione, aseme: huyu ni fulani wa kijiji fulani.

Michée aliweka kikombe chini. "Tuipeleke kwa bajuji, ku mahakama, Léontine. Polepole. Bila kelele."

"Kadi ikiingia mu biro inapotea. Weye unajua."

"Batu iko na hasira. Batu hawataangalia vizuri. Hawatauliza hii picha ilipigwa namna gani."

"Una woga."

"Ndiyo, niko na woga," akasema. "Na weye uwe na woga."

Nilimtajia Yves. Nilikuwa nimeliweka jina hilo miaka miwili, tangu siku ile ya jino, nikingoja pa kulitumia, na nikalitumia hapo. Michée alivaa koti lake. "Twende basi," akasema.

Nilitoa faili kwenye kompyuta kwa haraka. Nilikuwa na hasira na haraka, na ile programu ilifanya kazi yake kama nilivyoifundisha.

Duka la kuchapa turubai ni la Josaphat, karibu na soko, mashine moja kubwa inayotoa picha kuanzia juu kwenda chini, mstari kwa mstari. Asubuhi ile palikuwa na watu kama thelathini, wengi kutoka kambi ya waliokimbia, maana kijiji kingine kilikuwa kimechomwa Jumatatu na kila mmoja alikuwa na wa kumchapishia. Walikuwa wameketi kwenye mawe nje na ndani, wameshika simu zenye picha za marehemu. Josaphat hakutazama faili. Aliiingiza, akabonyeza.

Zilitoka kofia kwanza. Kisha vipaji vya nyuso, kisha macho. Watu walianza kusogea. Mama mmoja mwembamba mwenye kitenge cha njano, ambaye mtu alimwita Jeannine, alisimama mbele kabisa, akakunja uso. Lilipotoka lile kovu alipiga ukelele ambao sijausikia hata mwaka 2003.

"Njo ule! Njo ule alikata bana yangu! Bote batatu!"

Nikafungua mdomo kusema: ndiyo, mama, ndiyo maana tumeleta. Sikupata nafasi. Mashine iliendelea kushusha. Ikatoa midomo, na midomo yote ilikuwa inacheka. Ikatoa mapanga. Ikatoa miguu ya Moïse kwenye majani. Halafu pembeni kulia, herufi kubwa kama mkono wa mtu: Photo Michée, Bunia. Tabasamu yako, furaha yetu. Mwanaume mmoja aliyasoma kwa sauti, mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza hakuamini.

"Michée ni nani?"

Angenyamaza. Hakuna aliyemjua pale zaidi ya Josaphat. Lakini Michée alikuwa mtu ambaye akiitwa anaitika. Aliinua mkono kidogo. "Ni miye, bandugu. Tulitaka mujue..."

Jeannine alikuwa ameshika lile bomba la chuma linalozungushiwa turubai. Alimpiga nalo kichwani, upande wa sikio, kwa nguvu zote za mtu aliyezika watoto watatu. Michée aliketi chini kama mtu aliyechoka. Kisha wakaja wengine wote. Nilipiga kelele: "Ni miye! Ni miye niliomba! Alilazimishwa!" Nililirukia lile rundo la migongo, nikang'ata mkono wa mtu, nikatupwa juu ya meza. Josaphat alitoroka kwa dirisha. Walimburuta Michée nje kwa kumshika miguu, kichwa kikigonga ngazi, na mawe waliyokuwa wameyakalia wakayaokota. Nilitambaa kati ya miguu yao mpaka nikamfikia mkono. Kilichobaki cha uso wake sikukitambua. Mkono wake niliushika, na kidole gumba kilikuwa kinasogea, kisha kikatulia. Ndani ya duka mashine ilikuwa bado inachapa.

Mtu fulani hatimaye alinisikia, nadhani ni kwa sababu hapakuwa na cha kupiga tena. Nilieleza yote, nikiwa nimeketi kwenye vumbi, kichwa chake pajani. Kizuizi, kadi, Moïse. Walinisikiliza. Kisha wakaanza kuondoka mmoja mmoja, na simu zao zenye picha za wafu wao.

Tulimzika karibu na Yves. Siku ya pili ya kilio Jeannine alikuja. Hakusema jina lake wala hakuniangalia machoni. Aliingia uani, akakaa penye karai la vyombo, akaanza kuosha sahani, na aliosha kutwa nzima bila kuinua kichwa. Wanawake wengine walidhani ni ndugu yetu wa upande wa Nizi. Nilipogawa ugali na maharage nilimpelekea sahani yake. Aliipokea kwa mikono miwili, na mikono hiyo ilikuwa na vidonda vya chuma.

Ninajua kilichokuwa moyoni mwangu. Nilikuwa nimetamani nyuso miaka kumi na minane, na sasa uso wa aliyemuua shemeji yangu ulikuwa mbele yangu, hatua mbili, na ningeweza kuugusa. Nilimchukia. Nilijichukia zaidi. Yeye alikuwa ameshika chuma, lakini mimi nilikuwa nimemshika Michée mkono na kumpeleka.

Jioni mpelelezi alikuja na daftari. Alikuwa mtu mzuri, alivua kofia, akatoa pole. Nilimpa ile kadi, akaiandikia risiti. Kisha akauliza jambo lililomleta.

"Mama, weye ulikuwa pale. Nani alimupiga wa kwanza? Ulimuona sura?"

Karai lilikuwa nyuma yangu. Sahani zilikuwa zimeacha kugongana.

"Sikuona mutu," nikamwambia.

Alirudia swali, nikarudia jibu. Akafunga daftari, akaaga. Nilipogeuka Jeannine alikuwa amesimama na ndoo mkononi. Nikamwonyesha mahali bomba la maji lilipo, naye akaenda kuchota.